Kiungo Aliyekopeshwa Moshi: Namba Zipi Zirudi Naye Dar?

Tarehe 3 Oktoba 2019, katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, Polisi Tanzania ya Moshi ilitoka sare ya 3-3 na Yanga. Mabao yote matatu ya Polisi yalifungwa na mtu mmoja, Ditram Nchimbi, mshambuliaji aliyekuwa Moshi kwa mkopo kutoka Azam. Siku kumi na tano baadaye, akiwa na Taifa Stars mjini Omdurman, akafunga tena katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Sudan uliotupa tiketi ya CHAN. Dirisha dogo lilipofunguliwa, Yanga wakamchukua. Kilichofuata mashabiki wa Jangwani wanakikumbuka: mabao hayakumiminika kama walivyotarajia, na jina lililoimbwa Oktoba likaanza kuzomewa. Mabao yale yalikuwa halali, na hakuna aliyeyahesabu vibaya. Kasoro ilikuwa kwenye swali. Watu waliuliza amefunga mangapi; hawakuuliza ni lipi kati ya aliyoyafanya akiwa na Polisi lingeweza kuhamia kwenye timu inayocheza kwa namna tofauti kabisa.

Huyo alikuwa mshambuliaji, ambaye kazi yake ina kipimo kinachokubalika hadi kijiweni. Kiungo ana shida kubwa zaidi. Anaweza kucheza dakika 90 vizuri kuliko wenzake wote na jina lake lisitajwe hata mara moja kwenye taarifa ya mechi. Juni 2017, wanawake kutoka nchi mbalimbali walicheza mechi kamili ya soka ndani ya kreta ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari, na ikaisha 0-0. Anayesoma ubao wa matokeo peke yake ataona hapakutokea kitu. Kiungo wa ulinzi huishi na ubao wa namna hiyo kila wiki. Kwa hiyo anapopelekwa kwa mkopo kwenye klabu ya mkoani, halafu klabu mama ikae mwisho wa msimu kuamua arudi, auzwe au akopeshwe tena, uamuzi huishia mikononi mwa kumbukumbu za mechi mbili tatu zilizoonekana na wengi. Hoja yangu ni kwamba takwimu zinaweza kumtendea haki mchezaji huyu na klabu yake pia, ila kwa sharti moja: tukubali kwamba namba nyingi alizoziandika kule ni za ndoa kati yake na timu aliyoikuta, na ni chache tu zilizo zake mwenyewe. Kazi ya mchambuzi ni kuzitenganisha.

Tuanze na jambo la wazi ambalo bado hupuuzwa. Polisi Tanzania ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikatumia Uwanja wa Ushirika kama nyumbani, na ikashuka mwisho wa msimu wa 2022/23. Katika miaka hiyo minne ligi ilibadilika mara mbili: ilikuwa na timu 20, yaani mechi 38, msimu uliofuata timu 18, mechi 34, kisha timu 16, mechi 30. Msimu wa kwanza nao ulikatizwa na Corona kuanzia Machi hadi Juni 2020. Anayelinganisha pasi za mabao za kiungo wa 2019/20 na za kiungo wa 2021/22 kwa jumla tu analinganisha vipimo viwili tofauti. Kanuni ya kubadili wachezaji watano, iliyokuja kipindi hicho hicho, imeongeza idadi ya wanaoingia dakika ya 70 na kuhesabiwa kuwa "wamecheza". Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni dakika, na kila kitendo kigawanywe kwa dakika alizokuwa uwanjani kisha kizidishwe kwa 90. Hapo kiungo aliyeingia mara 20 kutokea benchi ataacha kuonekana sawa na aliyeanza mechi 20. Dakika zenyewe pia ni ushahidi, tena mzito. Kocha anayepigania kubaki ligini hampangi kijana wa watu kwa kumwonea huruma. Akimpa dakika 2,000 kati ya 2,700 za msimu wa mechi 30, amekwisha kutoa maoni yake.

Kugawa kwa dakika hakutoshi, na hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kiungo mkabaji yuko Moshi kwenye timu inayomiliki mpira kwa asilimia 40 tu, na katika mechi ya kawaida mpira huwa mchezoni kwa dakika 50, nyingine zikipotelea kwenye faulo, kona na mipira ya kurusha. Wapinzani wana mpira kwa dakika 30. Kiungo wetu anapora mipira sita kwa mechi, yaani mmoja kila baada ya dakika tano za mpira wa adui. Sasa mrudishe Dar kwenye klabu inayomiliki kwa asilimia 60. Wapinzani wana mpira kwa dakika 20 tu. Akiwa na ukali ule ule atapora mipira minne. Gazeti litaandika kwamba ameporomoka kwa theluthi moja, shabiki atasema ameridhika na mshahara wa mjini, na kocha aliyeahidiwa mashine ya kukaba ataona ameuziwa kitu kingine. Mchezaji hajabadilika hata chembe. Hesabu hiyo inafanya kazi pia kinyumenyume: kiungo wa wastani kwenye timu inayoshambuliwa kutwa ataonekana simba wa dimba, kwa sababu tu kila baada ya dakika chache kuna mtu mbele yake mwenye mpira. Kwa hiyo upokonyaji, uzuiaji wa pasi na ushindi wa mipira ya ana kwa ana usomwe kwa dakika ambazo wapinzani walikuwa na mpira. Hilo halihitaji mtambo wa gharama. Linahitaji mtu mwenye saa, anayepima nani ana mpira na kwa muda gani.

Pasi nazo zina udanganyifu wake. Asilimia ya pasi zilizofika ndiyo takwimu inayopendwa zaidi kwa sababu ni rahisi kuitamka, na ndiyo inayomwonea zaidi kiungo wa timu ndogo. Chukua tena mfano wa kubuni. Mmoja kapiga pasi 40, zimefika 30: asilimia 75. Mwenzake wa klabu kubwa kapiga 60, zimefika 54: asilimia 90. Ukizipasua unakuta wa kwanza alipiga 20 za pembeni na nyuma, zikafika 19, na 20 za mbele zilizovuka angalau mpinzani mmoja, zikafika 11. Wa pili alipiga 50 za pembeni na nyuma, zikafika 49, na za mbele 10 tu, zikafika tano. Aliyeonekana dhaifu amevusha mpira mara mbili zaidi ya mwenzake, tena kwa ufanisi mkubwa zaidi. Mjini Moshi hili lisingepaswa kumshangaza mtu. Kahawa inayopita kwenye mnada wa mji huo hupangwa kwanza kwa ukubwa na umbo la punje, AA, A, B, PB na kuendelea, lakini hakuna mnunuzi makini anayeishia kwenye chekecheke. Waonjaji hukaa mezani na vikombe, kwa sababu punje kubwa inaweza kuwa na ladha mbovu. Asilimia ya pasi ni chekecheke. Ongeza na hali ya uwanja: mpira hautembei juu ya nyasi zilizolowa masika ya Aprili kama unavyotembea mwezi wa Agosti, na timu iliyotoka Bukoba kwa basi haipigi pasi kama iliyolala nyumbani. Ningependa kuona kila namba ya kiungo imegawanywa angalau mara mbili, nyumbani na ugenini, kiangazi na mvua, kabla mtu hajatamka neno "ubora".

Swali gumu kuliko yote ni la kazi aliyopewa. Novatus Miroshi ni mfano hai. Msimu wa 2023/24 alikwenda Shakhtar Donetsk ya Ukraine kwa mkopo kutoka Zulte Waregem ya Ubelgiji, akacheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na umri wa miaka 21. Kipaji chake kimetumika pande mbili, beki wa kushoto na kiungo wa kati, kutegemea kocha na mahitaji ya timu. Ukizichanganya namba zake za pembeni na za katikati kwenye kapu moja, utapata mchezaji ambaye hayupo: anayepiga krosi nyingi mno kwa kiungo na chache mno kwa beki. Mudathir Yahya naye anafundisha jambo linalokaribiana na hilo. Azam ilimkopesha Singida United msimu wa 2017/18, akarudi, akaendelea kuwa kiungo anayeheshimiwa na makocha zaidi ya mashabiki. Januari 2023 akatua Yanga, akawa sehemu ya kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, na msimu uliofuata chini ya Miguel Gamondi akawa akifunga mabao ya kuamua mechi dakika za mwisho. Sioni sababu ya kuamini kwamba alijifunza kufunga ghafla. Aliruhusiwa kuingia eneo la hatari akitokea nyuma, katika timu iliyokuwa ikiwabana wapinzani huko muda wote. Mtu aliyekuwa na taarifa nzuri ya msimu wake wa mkopo, inayoonyesha alikimbilia wapi pale alipopata nafasi, na si mabao yake pekee, angekuwa na cha kusema mapema zaidi.

Kuna somo la zamani kuhusu hatari ya kuhesabu bila kuuliza. Machi 1950, Mwingereza Charles Reep alianza kuandika kwa penseli kila tukio katika mechi ya Swindon Town, na kazi hiyo akaiendeleza kwa miongo. Aligundua kwamba mabao mengi, takribani manane katika kila kumi, yalitokana na mashambulizi yenye pasi tatu au pungufu, na akahubiri kwamba timu zipige mipira mirefu. Daftari lake hilo hilo lilikuwa na jibu la kumpinga: zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Yaani mashambulizi mafupi yalikuwa mengi mno kuliko sehemu yao ya mabao, na yale marefu, machache, yalizaa zaidi ya wingi wao. Soka ya Uingereza ililipa gharama ya kosa hilo kwa vizazi. Ninalitaja kwa sababu ndilo linalotukabili kwenye kumpima kiungo wa mkopo: tunahesabu alichofanya na kusahau kuhesabu mara ngapi alipata nafasi ya kukifanya. Pasi tatu za mabao katika timu iliyofunga mabao 20 msimu mzima si sawa na pasi tatu katika timu iliyofunga 60.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ya Ulaya, kwetu hakuna takwimu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu, na leo picha za mechi zipo, zikiwemo za viwanja ambavyo zamani habari zake zilifika Dar kwa simu ya mwandishi wa mkoani. Reep alifanya kazi yake kwa penseli na taa ya kichwani. Mtu mmoja mwenye picha ya mechi na jedwali la kompyuta anaweza kuandika kila mguso wa kiungo mmoja kwa saa tatu hadi nne. Msimu mzima wa mechi 30 ni kazi ya takribani wiki tatu ya mwajiriwa mmoja, gharama ndogo mno ukilinganisha na mshahara wa mchezaji wa kigeni mmoja aliyesajiliwa kwa video ya dakika tano. Kamera ya televisheni ina upungufu wake, nakubali: hufuata mpira, na kiungo mzuri hufanya nusu ya kazi yake mahali mpira haupo, akiziba njia ambayo pasi ingepita. Kwa hilo, mechi nne au tano zirekodiwe kwa kamera iliyotulia jukwaani, na uwanja wote uonekane.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wanahisabati wenyewe, na ningependa lisikilizwe na kila kamati ya usajili. Msimu wa mkopo ni mfupi. Kanuni za FIFA za mikopo ya kimataifa zilizoanza Julai 2022 zinaweka ukomo wa mwaka mmoja, zinazuia kumkopesha aliyekopeshwa, na haziruhusu klabu moja kuikopesha nyingine zaidi ya wachezaji watatu kwa wakati mmoja. Mashirikisho ya nchi yalipewa miaka mitatu kuweka kanuni za ndani zinazoendana nazo. Ndani ya mwaka huo mchezaji huumia, huadhibiwa kwa kadi, na mara nyingi mkataba humzuia kucheza dhidi ya klabu mama, kwa hiyo anakosa mechi mbili ambazo zingemwonyesha vizuri zaidi. Akibakiwa na mechi 12 kamili na pasi za mbele 20 kwa kila mechi, tuna pasi 240. Zikifika asilimia 55, kanuni za takwimu zinatuambia uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 49 na 61. Hiyo ni tofauti kati ya kiungo wa kawaida na kiungo wa Taifa Stars. Kwa mabao na pasi za mabao, ambazo kwa kiungo huwa mbili au tatu tu, hali ni mbaya zaidi: kipa mmoja akiteleza, msimu mzima umebadilika sura. Jibu langu ni kwamba udogo wa sampuli ni sababu ya kutamka namba pamoja na shaka yake, na kuegemea vitendo vinavyorudiwa mara nyingi kuliko vile vya nadra. Pasi za mbele, mapokezi ya mpira akiwa amebanwa, sekunde anazotumia kurudi nyuma ya mpira baada ya timu kuupoteza: hivi hutokea makumi ya mara kwa mechi. Na ndivyo ninavyoamini vinahama na mchezaji kwa urahisi zaidi, kwa sababu vinategemea mwili na macho yake kuliko mfumo wa kocha. Kiungo anayetazama nyuma ya bega lake kabla ya kupokea mpira pale Ushirika atatazama pia Uwanja wa Mkapa.

Kocha mkongwe atajibu kwamba yeye huyaona hayo yote bila karatasi. Namheshimu, na sidhani kuna jedwali linalojua kama kijana alinyamaza au alipandisha sauti timu ilipokuwa nyuma 2-0 ugenini, au kama aliamka alfajiri kufanya mazoezi huku mshahara umechelewa. Hayo yaandikwe, kwa maneno, na kocha aliyeishi naye. Ila kocha wa klabu mama hakuwepo Moshi. Aliona mechi zilizorushwa saa ambayo yeye hakuwa na mechi, na aliyesalia akilini mwake ni yule wa mechi dhidi ya Simba au Yanga. Jicho huchagua, na huchagua lenye kelele. Kwa kiungo, kazi yenye thamani mara nyingi haina kelele. Tena kocha wa Polisi na kocha wa Azam hawana swali moja. Wa Moshi anataka pointi za kubaki ligini, na akimwagiza kiungo apige mpira mrefu mara tu anapoupata, kijana mtiifu ataharibu takwimu zake kwa kutii.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hesabu hizi humsahau kabisa. Kila dakika anayopewa mchezaji wa mkopo ni dakika ambayo kiungo wa Kibosho, Machame au Rombo, aliyekulia kwenye viwanja vya shule vilivyochongwa mteremkoni, hakuipata. Klabu ya mkoani ikijiuliza kama mkopo ulikuwa na faida, kipimo si kama aliyekuja ni mzuri; ni kama alikuwa bora kuliko kijana aliyekaa benchi kwa kiasi kinachostahili kumkalisha, ilhali mwisho wa msimu mmoja anaondoka na mwingine anabaki. Timu ilipata pointi ngapi kwa mechi walipocheza wote, mmoja mmoja, na bila hata mmoja wao? Namba hiyo nayo ina shaka kubwa kwa mechi chache, lakini kutoiuliza kabisa ndiko kumezifanya klabu nyingi za mikoani kuwa kitalu cha miche ya watu wengine, na siku ya kushuka daraja zikajikuta hazina kiungo hata mmoja wa kwao.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye mkataba. Kabla mchezaji hajapanda basi la Moshi, klabu mbili ziandike anakwenda kucheza nafasi gani, klabu mama inataka kujua nini juu yake, nani atahifadhi picha za mechi, na nani atahesabu. Mwisho wa msimu taarifa iwe na dakika, kazi aliyopewa, vitendo vikigawanywa kwa nafasi alizopata, shaka ya kila namba, na ukurasa wa kocha. Mwaka 2022 FIFA na chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, walitoa hati ya haki za wachezaji juu ya takwimu zao, ikiwemo haki ya kuziona. Hapa nyumbani kiungo wa mkopo huambiwa kwa simu kwamba hayumo kwenye mipango ya kocha mpya, basi. Nakala ya taarifa hiyo ifike mkononi mwake dirisha likiwa bado wazi, ili akienda kuongea na klabu nyingine awe na cha kuonyesha zaidi ya mabao mawili na picha kwenye simu.